Mbwa Mkali: Ni Damu au ni Malezi?

Bwana mkulima, na wewe Bibi mkulima, wahenga wetu walituachia methali mbili zisizopatana. Moja husema, "Mwana wa nyoka ni nyoka." Nyingine husema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Sisi huzitumia zote mbili kwa watoto wetu, kila mtu akichagua ile inayomfaa siku hiyo. Mwezi huu nataka tuzipime kwa mbwa, kwa sababu limetokea jambo katika skimu yetu ambalo laweza kutokea katika skimu yako pia.

Asubuhi moja mzee mmoja aliingia katika ofisi ya kilimo ninamofanya kazi ya ukarani. Akavua kofia, akaketi, akasema, "Mwalimu, nataka unionyeshe mahali pa kununua mtoto wa mbwa wa kizungu, yule wa masikio yaliyosimama." Watu wa huku huniita Mwalimu kwa kuwa nilisomea ualimu kabla sijaja kushika madaftari ya ofisi hii.

Nikamwuliza, "Mzee, mbwa uliye naye amekosa nini?"

Alinyamaza kidogo, kisha akaeleza. Alfajiri ya juma lililopita mbwa wake alikata mnyororo, akatoka njiani, akamwuma mguuni mtoto wa jirani aliyekuwa akienda shule. Mtoto alipelekwa hospitali, akadungwa sindano ya kwanza, na nyingine zilikuwa zinamngoja. Jirani, ambaye walipata mashamba siku moja na kupanda mahindi ya kwanza wakiazimana jembe, sasa alikuwa akipita bila kumwamkia.

"Mbwa huyu ana damu mbaya," mzee alisema. "Nitamwondoa nitafute mwenye damu nzuri."

Nikamwuliza alimpata wapi. Aliponitajia boma lenyewe, ng'ambo ya kijito, nilishangaa. Ndugu yake mbwa huyo, wa tumbo moja naye, namwona karibu kila siku. Yuko kwa mama mmoja mjane anayeleta maziwa yake hapa karibu na ofisi yetu. Mbwa yule hulala kando ya mikebe ya maziwa, na watoto wa shule humning'inia shingoni. Akija mgeni usiku hubweka mpaka skimu nzima ikaamka, lakini hajamwuma mtu. Mama ni mmoja, siku ya kuzaliwa ni moja. Kama ni damu, ilikuwaje mmoja akapata sumu na mwingine akapata asali?

Hata hivyo tusikate shauri kwa mbwa wawili tu. Ndugu wa tumbo moja hawagawiwi damu sawasawa, na tena mbwa jike aweza kuchukua mimba ya madume wawili kwa wakati mmoja. Basi na tuone wataalamu waliolichunguza jambo hili kwa miaka mingi walipata nini.

DAMU INA NGUVU YAKE

Si uongo kwamba mbwa hurithi tabia. Mtoto wa mbwa wa kuchunga kondoo wa kule Uskochi huanza kuwanyatia kondoo na kuwakazia macho hata kabla ya kufundishwa. Mbwa wa kuwinda kwa harufu huinamisha pua chini na kusahau kila kitu kingine. Watu wa zamani walizalisha wale walioweza kazi, wakawaacha wasioweza, na baada ya vizazi vingi kazi ikaingia katika damu.

Ushahidi mkubwa ulitoka Urusi. Mwaka wa 1959 mtaalamu aitwaye Dmitri Belyaev, akisaidiwa na Bibi Lyudmila Trut, alianza kazi huko Siberia na mbweha wenye manyoya ya rangi ya fedha, waliokuwa wakifugwa kwa ajili ya ngozi zao. Mbweha hao walikuwa wakali, mtu akikaribia waliruka na kutaka kuuma. Kila mwaka wataalamu hao walichagua wachache waliokuwa watulivu kuliko wengine, wakawazalisha hao peke yao. Hawakuwafundisha wala kuwabembeleza. Lakini kufikia kizazi cha 6 walikuwapo mbweha waliotikisa mkia walipomwona mtu, wakalia watazamwe, na kumramba mikono. Upole ule haukuletwa na malezi, uliletwa na kuchagua wazazi.

Basi, mkulima, usimdharau mwenye kusema damu ni kitu. Mbwa jike anayewarukia watu kwa hofu ana haki ya kutiliwa shaka kabla hujachukua mtoto wake.

LAKINI JINA LA AINA HALITOSHI

Kosa letu ni jingine. Tumefundishwa vizuri habari za ng'ombe, kisha tukayachukua mafundisho yale na kuyatia kwa mbwa jinsi yalivyo. Ukinunua ng'ombe wa gredi mwenye damu ya Friesian una haki ya kutazamia maziwa mengi kuliko ya ng'ombe wa kienyeji, maana wazazi wake walichaguliwa kwa maziwa, yakapimwa kwa mizani na kuandikwa, kizazi baada ya kizazi. Mbwa wengi wa aina zenye majina hawakuchaguliwa hivyo. Chama kikubwa cha mbwa cha Uingereza, Kennel Club, kiliundwa mwaka wa 1873, na tangu zamani zile mbwa wengi wa maonyesho wamechaguliwa kwa rangi, masikio, miguu na umbo la kichwa. Hayo ndiyo unayoyapata kwa hakika ukinunua jina.

Mwaka wa 2022 wataalamu wa Marekani walitangaza uchunguzi mkubwa. Waliwauliza wenye mbwa zaidi ya 18,000 habari za tabia za mbwa wao, na kwa mbwa zaidi ya 2,000 wakasoma jeni, yaani maandishi ya damu yenyewe. Waliona kwamba ukizigawa tofauti zote za tabia kati ya mbwa na mbwa katika mafungu 100, jina la aina linaeleza mafungu 9 tu au karibu na hapo. Damu aliyopewa mbwa na baba yake na mama yake ina kazi kubwa kuliko hiyo, na malezi pia yana kazi yake. Lakini jina peke yake halikuambii mengi. Katika kila aina wako wapole, wako waoga, na wako wakali.

Kwa hiyo anayekuuzia mtoto wa mbwa kwa fedha nyingi, akikuapia kwamba huyu atalinda boma na hatagusa mtoto kwa sababu ni wa aina fulani, anakuuzia masikio yaliyosimama. Tabia bado hajakuuzia.

MLANGO UNAOFUNGUKA NA KUFUNGWA

Sasa tuje kwenye malezi. Hapa ndipo pana jambo ambalo mkulima yeyote, awe na fedha au asiwe nazo, aweza kulifanya kwa mikono yake.

Huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine, Marekani, wataalamu John Paul Scott na John Fuller walifuga mbwa wa aina 5 kwa miaka zaidi ya 10, wakaandika waliyoyaona katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1965. Mmoja wa aina zile ni wa Afrika yetu hii, basenji wa Congo, mbwa wa kuwinda ambaye habweki kama mbwa wengine. Waliona kwamba watoto wa basenji wenye wiki 5 waliiogopa mikono ya watu zaidi ya watoto wa cocker spaniel. Hiyo ni damu. Lakini watoto wale wa basenji walipoendelea kushikwa na kuzoeshwa, hofu yao nyingi iliwatoka. Hayo ni malezi.

Mwaka wa 1961 wenzao walitangaza jaribio lingine lililofanyiwa huko huko. Waliwaacha watoto wa mbwa wakue na mama zao katika uwanja wenye ua mrefu, wakipewa chakula bila kuona mtu karibu. Kisha wakawatoa mmoja mmoja kwa umri mbalimbali, ili kila mmoja akae na watu kwa juma moja. Waliotolewa wakiwa na wiki 5, 7 au 9 walizoea watu. Wale ambao hawakuguswa na mtu mpaka wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na kuwafuga kukawa kazi ngumu mno.

Maana yake ni hii. Mtoto wa mbwa hufungua macho akiwa na wiki 2 hivi, na masikio yake hufunguka karibu na wiki ya 3. Hapo mlango wa akili yake hufunguka. Kila anachokiona bila kuumizwa, yeye hukiandika kuwa ni cha nyumbani. Kufikia wiki ya 12 mpaka ya 14 mlango ule umekaribia kufungwa, na kitu kigeni kinachokuja baadaye hukiandika kuwa ni adui. Samaki hukunjwa angali mbichi, na kwa mbwa ubichi huo ni miezi 3 ya kwanza.

MBWA ALIYELELEWA NA KONDOO

Mlango huo hauingizi watu peke yao. Mwaka wa 1833 mtaalamu Charles Darwin alipita katika nchi ambayo leo ni Uruguay, akakuta makundi makubwa ya kondoo yakilindwa na mbwa mmoja au wawili, mbali na nyumba na bila mchungaji. Akauliza jinsi mbwa wale walivyofundishwa. Akaambiwa kwamba mtoto wa mbwa huondolewa kwa mama yake angali mdogo sana, hunyonyeshwa na kondoo jike mara 3 au 4 kwa siku, na hutengenezewa malazi ya sufu ndani ya zizi. Haruhusiwi kucheza na mbwa wengine. Akikua, kondoo ndio jamaa zake. Akija nyumbani kuchukua nyama yake hufukuzwa na mbwa wa boma naye hukimbia, lakini akifika kwenye kundi lake hugeuka na kubweka, na sasa wale wa boma ndio hukimbia.

Pengine utasema mbwa wale walikuwa wa aina ya pekee. Basi sikiliza habari za Wanavajo, wafugaji wa asili wa kusini magharibi mwa Marekani. Wataalamu waliowatembelea katika miaka ya 1980 walikuta kondoo na mbuzi wao wakilindwa na mbwa wa mchanganyiko, ambao sisi tungewaita mbwa koko. Siri yao ilikuwa kuwaweka watoto wa mbwa katika zizi wangali na wiki chache tu, na kuwakanya mapema walipojaribu kukimbiza wana-kondoo.

Na huko Namibia, tangu mwaka wa 1994, shirika moja la kuhifadhi duma limewapa wafugaji mbwa wa Anatolia, kutoka Uturuki, ili wawakinge mbuzi na kondoo. Hapo damu na malezi vimefungwa nira moja, kwa maana mbwa wa aina ile wamechaguliwa kwa kulinda mifugo kwa vizazi vingi, na bado huanza kuishi na mbuzi wangali wadogo. Hata hao wenye damu bora hawaachi malezi yakajifanya yenyewe.

TUKARUDI KWA MZEE

Nilipomwuliza mzee jinsi alivyomlea mbwa wake, mambo yakaonekana. Hakumchukua akiwa na miezi 2 kama ndugu yake. Alimchukua akiwa na miezi 4 na zaidi, na muda wote huo mtoto yule alikuwa amebaki peke yake nyuma ya ghala, akitupiwa chakula jioni. Alipofika kwa mzee akafungwa mnyororo chini ya mti, mchana na usiku, "ili awe mkali." Watoto waliopita kwenda shule walimtupia mawe kila asubuhi. Mbwa yule alikuwa amefundishwa, tena kwa bidii, ya kuwa mtoto mwenye sare ya shule ni adui.

Yule wa mjane alitoka kwa mama yake akiwa na wiki 8. Binti wa mjane alimbeba ndani ya kikapu mpaka dukani, mpaka kanisani, mpaka kwenye maziwa. Akaona bodaboda, akaona vikongwe wenye fimbo, akaona ndama na kuku. Hakuna aliyejua kwamba anamfundisha.

Wakulima wengi hufikiri kwamba mbwa mkali ni mlinzi mzuri. Mbwa mwoga huuma yeyote aliye karibu, na aliye karibu kwa kawaida ni mtoto, si mwizi. Mlinzi mzuri ni yule anayewajua watu wa boma, anayebweka akisikia jambo geni, na anayenyamaza ukimwambia anyamaze.

MAMBO YA KUFANYA

1. Mtazame mama. Kabla ya kuchukua mtoto nenda ukamwone mama yake, na baba pia kama yupo. Mama akikukaribia kwa utulivu hata kama ana watoto, hiyo ni dalili njema kuliko karatasi yoyote ya ukoo.

2. Mchukue kwa wakati wake. Wiki 8 ndio wakati mzuri. Kabla ya hapo bado anafundishwa na mama yake na ndugu zake namna ya kucheza bila kuuma sana. Ukingoja mpaka miezi 4, mlango umefungwa.

3. Mshike kila siku. Mguse masikio, mdomo na nyayo kwa upole, ili kesho akubali kutolewa kupe na kudungwa sindano.

4. Mwonyeshe dunia yake. Aone mzee na mtoto, mtu mwenye kofia, mwenye mwavuli, mwenye panga la kazi, baiskeli na lori la maziwa. Aone yote kidogo kidogo, bila kushtuliwa. Mpaka amalize chanjo zake, mbebe mikononi, wala usimwache chini mahali wanapozurura mbwa wasiojulikana.

5. Mlaze karibu na mifugo. Kama unataka alinde mbuzi na kuku, awaone tangu wiki za kwanza, mkiwa pamoja naye. Akikimbiza kuku kwa mchezo, mkanye hapo hapo. Mchezo wa miezi 3 ni mauaji ya mwaka mmoja.

6. Usimfunge mnyororo daima. Ni afadhali ua mzuri, au kibanda mchana na kufunguliwa usiku ndani ya boma. Wala usimpige, usimpe pilipili, usimfungie gizani ili awe mkali. Hayo humpa hofu, na hofu ndiyo inayouma.

7. Wafunze watoto pia. Wasimtupie mbwa mawe, wasimsogelee akila, akilala, au akiwa na watoto wake.

8. Mpeleke kwa chanjo. Akifika miezi 3 apate chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha kila mwaka. Ugonjwa huu haujali damu wala malezi. Mbwa mpole aliyebadilika ghafula akawa mkali, au anayetokwa na mate na kushindwa kumeza, usimkaribie. Mwite afisa wa mifugo. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, naye afike hospitali siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo.

Yule mzee aliniuliza, "Na huyu wangu aliyekwisha haribika, je, nimwue?" Nikamwambia hilo si la karani, nikampeleka kwa afisa wa mifugo. Afisa aliagiza mbwa afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, kwa sababu ya hatari ya kichaa. Siku zikapita, mbwa akabaki mzima. Kisha afisa akasema kweli bila kuipaka sukari: mbwa aliyekwisha kukua katika hofu aweza kupunguziwa hofu kwa subira, kwa kutembezwa na kwa kutendewa mema, lakini asiaminiwe tena mbele ya watoto. Awe ndani ya ua wenye lango linalofungwa, na akitoka afungwe kamba na mdomo.

Basi zile fedha alizotaka kununulia mbwa wa kizungu mzee akanunulia nguzo na waya, na zilizobaki akawapelekea majirani kwa nauli ya hospitali mpaka mtoto akamaliza sindano zake zote. Hakwenda kwa jirani na maneno mengi. Alikwenda akasema, "Kosa lilikuwa langu, si la mbwa." Sasa wanaamkiana.

Juzi alikuja tena. Yule mbwa jike wa ng'ambo ya kijito amezaa, na mzee amekwisha kumwona mama huyo kwa macho yake, akamlambwa mkono. Alitoa karatasi ya malipo ya maziwa, akaigeuza upande mweupe, akaniambia, "Mwalimu, niandikie tarehe ambayo watoto watafikisha wiki 8."

Nikamwandikia. Akaikunja, akaitia ndani ya kofia yake.

Nawe, mkulima, kama mna mbwa jike mwenye mimba katika skimu yenu, hesabu wiki zako. Damu yake iliamuliwa na wazazi wake, huwezi kuibadilisha. Wiki zile chache baada ya hapo ni zako.